Ndege ya mwanafunzi juu ya Nyandarua: Harvard ilikuwa ndege gani?

Swali la msomaji: "Mwalimu, guka wangu, yaani babu, alikulia karibu na Mweiga, Nyeri, nchini Kenya. Alikuwa akitusimulia habari za ndege ya injini moja iliyopita juu ya msitu wa Nyandarua mwaka 1953, ikinguruma hadi watu wanaziba masikio, kisha ikaangusha mabomu madogo. Juzi nimesoma kwamba ndege hiyo ni Harvard, na kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya kufundishia marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hapo sielewi. Ndege ya mwanafunzi si ingekuwa rahisi na isiyo na madhara? Mbona marubani wa zamani wanasema iliwatoa jasho kuliko ndege za vita zenyewe, na ilikuwaje ikapewa mabomu?"

Jibu:

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili lakini jibu lake ni moja. Harvard haikubuniwa iwe ndege nyepesi ya kumchukulia mwanafunzi polepole. Ilibuniwa iwe na karibu kila kitu kilichomo ndani ya ndege ya vita, ila kwa kasi ndogo zaidi, na iwe na kiti cha pili kwa ajili ya mkufunzi. Ugumu wake mwingi unatoka hapo. Bunduki na vishikizo vya mabomu navyo vinatoka hapo hapo, kwa sababu kijana alitakiwa ajue kulenga shabaha kabla hajafika vitani. Kwa hiyo ilipoletwa Kenya, hapakuwa na kazi kubwa ya kuigeuza silaha. Lakini nikiishia hapo nitakuwa sijakutendea haki, maana habari yenyewe ni ndefu na inahusu Afrika kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuanze na jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yanakaa sawa. Ndege mashuhuri za kivita za wakati ule, kama Spitfire ya Waingereza na Mustang ya Wamarekani, zilikuwa na kiti kimoja tu. Mkufunzi hakuwa na pa kukaa. Kijana aliyepangiwa Spitfire alielekezwa vifaa vyake ndege ikiwa imesimama chini, akasoma kitabu cha maelekezo, akafungwa mikanda, kisha akaondoka. Mara yake ya kwanza kuirusha ndege ile alikuwa peke yake, nyuma ya injini yenye nguvu za farasi zaidi ya 1,000. Akikosea hakuna mkono mwingine wa kudaka usukani. Maana yake ni kwamba kila kosa ambalo lingeweza kumuua siku hiyo ilibidi awe ameshalifanya mahali pengine, huku nyuma yake ameketi mtu wa kumwokoa. Mahali penyewe palikuwa ndani ya Harvard.

Kabla ya hapo, mwanafunzi wa Uingereza na wa nchi zilizokuwa chini yake alianzia kwa kawaida kwenye Tiger Moth. Hiyo ni ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ya mbao na mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, injini yake ni ya nguvu za farasi 130, na ikijitahidi sana inafika kama kilomita 175 kwa saa. Haina breki. Magurudumu yake yako nje muda wote. Bawa lake lina eneo kubwa ukilinganisha na uzito inaoubeba, kwa hiyo inashuka taratibu na inatua kwa mwendo mdogo. Ilimfundisha kijana kuipenda anga na kujua mkono wake unafanya nini. Haikumfundisha namna ya kuishi na ndege ya chuma yenye bawa moja.

Na dunia nzima miaka hiyo ya 1930 ilikuwa inahamia huko. Bawa moja bila nguzo wala waya za kulishikilia hukata upepo vizuri, kwa hiyo ndege huenda kasi. Lakini kila mita ya mraba ya bawa sasa inabeba uzito mkubwa zaidi, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo mkubwa ili iendelee kubebwa na hewa. Inatua kwa kasi. Ukiielekeza chini, inakusanya mwendo kwa sekunde chache tu. Na ukiiacha mwendo upungue kupita kiasi, bawa haliachi kubeba kwa upole: linaacha ghafla. Rubani aliyezoea mabawa mawili alikuwa na tabia za mikono ambazo kwenye ndege mpya zingemmaliza.

Kampuni iliyoliona pengo hili mapema ni North American Aviation ya Marekani, iliyoongozwa na James Kindelberger. Ndege yao ya majaribio, NA-16, iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1935. Ilikuwa na bawa moja la chini, lakini marubani walikaa wazi kwenye upepo na magurudumu hayakukunjwa. Kwa miaka michache iliyofuata waliiboresha hatua kwa hatua: wakaifunika kwa kioo, wakaifanya ikunje magurudumu, wakaivika bati mwili mzima. Mwaka 1938 Uingereza, iliyokuwa ikijihami kwa haraka kwa sababu ya Ujerumani, iliagiza ndege 200 na kuzipa jina la Harvard. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliita yake AT-6, na baadaye jina la Texan likashika kwa kuwa kiwanda kikubwa kilikuwa Texas, karibu na Dallas. Jeshi la majini liliita SNJ. Montreal, Kanada, kiwanda cha Noorduyn kilitengeneza kwa maelfu. Ukijumlisha zote, zilitoka zaidi ya 15,000. Kuna kipindi waliogopa alumini ingepungua, wakatengeneza baadhi zenye plaiwudi na chuma cha kawaida sehemu za nyuma, nazo zikaruka vizuri tu.

Sasa vipimo, maana watu wakisikia "ndege ya mafunzo" wanafikiria kitu kidogo. Upana wa bawa lake kutoka ncha hadi ncha ni karibu mita 12.8. Ikiwa tupu ina uzito wa karibu kilo 1,900, na ikijazwa mafuta na watu inapita kilo 2,500. Injini yake ni Wasp ya Pratt & Whitney, silinda tisa zilizopangwa kwa duara, ujazo wa karibu lita 22, nguvu za farasi 600. Mwendo wake wa juu ni kama kilomita 335 kwa saa. Yaani kijana aliyetoka kwenye nguvu za farasi 130 alikabidhiwa karibu mara tano yake.

Nguvu hizo si mchezo ndege ikiwa bado ardhini. Pangaboi linazunguka upande mmoja, na hewa linayoisukuma inaupiga mkia upande mmoja, kwa hiyo ukiongeza mafuta kwa pupa pua inavutwa kushoto. Lazima mguu wa kulia uwe umeshakanyaga usukani wa mkia kabla hujaona pua inahama. Ukisubiri uone, umechelewa. Halafu huoni mbele. Harvard hukaa na mkia chini na pua juu, na hiyo injini ya duara imekuziba kabisa, kwa hiyo ukitembea kwenye njia ya uwanja unapinda kushoto na kulia muda wote ili uchungulie pembeni.

Kubaya zaidi ni baada ya kutua. Magurudumu makubwa mawili yako mbele ya kitovu cha uzito, na gurudumu dogo liko mkiani. Ndege ikipinda kidogo tu wakati inakimbia, uzito ulioko nyuma unataka kuyapita magurudumu. Mpindo mdogo unazaa mkubwa, mkubwa unazaa mkubwa zaidi, na ndani ya muda mfupi mkia uko mbele, ncha ya bawa inakwaruza ardhi, na pengine gurudumu limevunjika. Ndiyo maana wakufunzi walisema safari haijaisha mpaka injini imezimwa. Mwanafunzi alijifunza kucheza na miguu bila kupumzika, kidogo kushoto, kidogo kulia, hata ndege ikiwa imepunguza mwendo kiasi cha kumfanya adhani mambo yamekwisha.

Nikuonyeshe kwa karibu dakika mbili za kutua, maana hapo ndipo utakapoona ndege hii ilikuwa shule ya namna gani. Kijana anakuja sambamba na njia ya kurukia, uwanja uko kushoto kwake. Anahakikisha amefungulia tangi lenye mafuta ya kutosha, maana matangi ni mawili, moja kila upande, na kuna waliozimikiwa na injini wakati tangi la pili limejaa. Anasukuma mkono, yaani kishikio, wa kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Sasa magurudumu. Kwenye Harvard huwezi kushusha mkono wa magurudumu ukaishia hapo. Kwanza unabonyeza kijiti kingine kinachouruhusu mfumo wa haidroliki, unaosukuma vitu kwa mafuta yaliyoshindiliwa ndani ya mabomba, upate shinikizo kwa muda mfupi, ndipo mkono wa magurudumu ufanye kazi. Ukisahau kile kijiti, umeshusha mkono lakini chini ya bawa hakuna kilichotokea. Kijana mwenye hofu anashusha mkono, moyo unatulia, anaendelea na mengine. Akipunguza mafuta ili ashuke, honi inamlilia. Baadhi walichanganyikiwa kiasi kwamba honi waliisikia bila kuielewa, na mkufunzi nyuma akanyamaza makusudi kwa sekunde kadhaa aone kama kijana atajiokoa mwenyewe. Kisha ni flapu, vile vibawa vidogo vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kutua taratibu, nazo zinataka kile kijiti cha haidroliki tena. Kisha pangaboi lirekebishwe liwe tayari kwa nguvu zote endapo atalazimika kupaa upya. Na wakati wote huu mkono mmoja unashika usukani, macho yanatafuta ndege nyingine, na mshale wa mwendo haupaswi kushuka kupita kiwango.

Kazi za magurudumu, flapu na pangaboi hazikuwapo kwenye Tiger Moth. Zote zilikuwapo, kwa namna moja au nyingine, kwenye ndege za vita. Hili ndilo ninalotaka ulishike: lengo la Harvard lilikuwa kuufanya mkono wa rubani ukumbuke mpangilio huo wenyewe, ili siku akiwa peke yake ndani ya Spitfire, akili yake ibaki na nafasi ya kufikiria adui.

Hewani nako ilikuwa na tabia yake. Ukiipunguza mwendo huku unavuta pua juu, itakupa onyo dogo la mtetemo, halafu bawa moja linaanguka. Ukijaribu kulinyanyua kwa kuusukuma usukani kando, kama silika inavyokuelekeza, unaizidishia, na ndege inaanza kuzunguka kama pia ya watoto ikielekea chini. Kujinasua lazima ukanyage usukani wa mkia kinyume cha mzunguko, usukume usukani mbele wakati ardhi imejaa kioo chote, kisha usubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Wakufunzi waliwapandisha wanafunzi juu sana na kuwarudisha kwenye hali hiyo mara nyingi mpaka hofu ikageuka kazi ya kawaida. Nionavyo mimi, somo hilo moja lilistahili gharama yote ya ndege.

Kulikuwa pia na somo la gizani mchana. Kiti cha nyuma kilivikwa pazia la turubai, mwanafunzi akakaa humo bila kuona nje, akaendesha kwa kusoma mishale tu. Mwili wa binadamu humdanganya rubani akiwa ndani ya wingu: unahisi unakwenda sawa kumbe umeinama. Waliojifunza kuamini mishale walirudi nyumbani kupitia mawingu ya Ulaya.

Sasa kuhusu ule msemo kwamba ilikuwa ngumu kuliko ndege za vita. Una ukweli, ila si wote. Marubani wengi walishangaa walipofika kwenye Mustang wakakuta inatulia vizuri zaidi kwenye njia ya kurukia, kwa kuwa magurudumu yake yako mbali moja na jingine na gurudumu la mkia linaweza kufungwa lisiyumbe. Spitfire ilipokuwa hewani iliwapa onyo la wazi kabla bawa halijaacha kubeba. Lakini usisahau walizikuta rahisi kwa sababu walikuwa wametoka kwenye Harvard. Na hakuna aliyekuwa akiwapiga risasi Texas.

Ilikuwa kazi ya idadi kubwa mno. Marekani peke yake jeshi la anga lilihitimisha marubani zaidi ya 193,000 kati ya 1939 na 1945, na wengine zaidi ya 120,000 walianza wakaondolewa njiani au wakafa. Takribani watu 15,000 walikufa kwa ajali za ndege za jeshi hilo ndani ya Marekani kwenyewe, kabla ya kumwona adui. Mpango wa pamoja wa Jumuiya ya Madola, uliotiwa saini Ottawa tarehe 17 Desemba 1939, ulihitimisha Kanada wanaanga zaidi ya 131,000, marubani wakiwa karibu 50,000. Uingereza ilitaka shule zake ziwe mbali na ndege za Wajerumani na karibu na jua. Kwa hiyo, pamoja na Kanada na Australia, ikageukia kusini mwa Afrika.

Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, shule ya kwanza ilifunguliwa Belvedere, Salisbury, mwezi Mei 1940. Wanafunzi waliomaliza hatua ya mwanzo na kuchaguliwa kwa ndege za injini moja walipelekwa kwenye Harvard huko Cranborne na huko Thornhill, karibu na Gwelo, mji unaoitwa sasa Gweru. Zaidi ya wanaanga 8,000 walipitia mpango wa Rhodesia. Mmoja wa waliosomea Gwelo ni Ian Smith, yule aliyekuja kutangaza uhuru wa walowezi mwaka 1965. Ukienda makaburi ya Gweru utakuta safu za vijana wa Uingereza waliokufa katika mafunzo, wengi wao wakiwa bado na umri wa miaka ishirini na ushei, kwenye nchi ambayo haikuwa na vita.

Na hapa lazima nikuambie jambo linaloniuma. Ndege hizo zililindwa usiku na mchana na Waafrika, ndani ya kikosi kilichoitwa Rhodesian Air Askari Corps, na kazi nyingi za mikono za viwanja hivyo zilifanywa na Waafrika. Lakini kiti cha mwanafunzi hawakupewa. Haikuwa kwa sababu hawakuweza. Wakati huo huo, huko Tuskegee, Alabama, vijana weusi wa Marekani walikuwa wakiirusha AT-6 hiyo hiyo katika shule iliyotengwa na wazungu. Darasa la kwanza lilianza na 13, na tarehe 7 Machi 1942 wakahitimu watano. Mmoja wao, Benjamin O. Davis Mdogo, alikuja kuwa jenerali wa kwanza mweusi wa jeshi la anga la nchi yake. Huko Texas, wanawake 1,074 walihitimu kurusha ndege za kijeshi, wengi wao katika uwanja wa Avenger mjini Sweetwater, nao pia walipitia AT-6. Ndege haikuuliza rangi wala jinsia. Ilitaka miguu ifanye kazi yake.

Tuje kwenye silaha, maana ndipo guka wako anapoingia. Mwanafunzi wa hatua ya juu alipiga risasi kwenye shabaha iliyovutwa na ndege nyingine na kwenye shabaha za ardhini, na aliangusha mabomu madogo ya mazoezi. Kwa hiyo ndege ilitoka kiwandani ikiwa na nafasi ya bunduki, kifaa cha kulengea, na mahali pa kufunga mabomu chini ya bawa. Hayo yote yalikuwa ya darasani. Lakini risasi haijui kama iko darasani.

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952. Machi 1953 Waingereza waliunda kikosi kidogo cha Harvard, nambari 1340, kwa ndege zilizotoka Rhodesia Kusini. Kilianzia Thika, kisha kikahamia Mweiga, karibu kabisa na Nyandarua. Silaha zake zilikuwa bunduki moja ya rashasha na mabomu ya ratili 20, kama kilo 9 kila moja. Walipiga ndani ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, maeneo ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeyapiga marufuku, ambako yeyote aliyeonekana alihesabiwa kuwa mpiganaji wa Mau Mau. Mara nyingi ndege ndogo za Piper za polisi ndizo zilizotangulia kutafuta moshi, njia za miguu au mahali palipofyekwa, kisha Harvard ikaja nyuma.

Kwa upande wa urubani ilikuwa kazi ya hatari. Milima ile inapita mita 3,900, na huko juu hewa ni nyepesi: injini inapoteza nguvu, bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili libebe uzito ule ule, na bonde linaloonekana pana linaweza kuziba kwa ukungu ukiwa ndani yake. Kwa upande wa waliokuwa chini ilikuwa hatari zaidi, lakini si kwa namna waliyoitaka walioyatupa mabomu. Msitu mnene, mabomu madogo, shabaha isiyoonekana. Wapiganaji walijifunza kuficha moshi na kutawanyika wakisikia mngurumo, wanyama wa msituni wakauawa, na hata ndani ya serikali yenyewe walikuwapo waliotilia shaka faida ya mabomu yale. Ndiyo sababu baadaye zikaletwa ndege kubwa zaidi.

Kenya haikuwa peke yake. Korea, kuanzia 1950, Wamarekani waliitumia T-6, ile ile AT-6 kwa jina jipya, kuelea juu ya mstari wa mbele na kuwaonyesha marubani wengine shabaha kwa maroketi ya moshi. Algeria Wafaransa waliifunga bunduki na maroketi. Wareno waliitumia Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Wazee wa Cabo Delgado na Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, na wale waliovuka mto Ruvuma kuingia Tanzania baada ya chama cha ukombozi cha FRELIMO kuanza vita Septemba 1964, waliijua ndege hii. Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, nayo iliipata kabla haijaanguka. Kila mahali sababu ni ile ile: ilikuwa nyingi, rahisi kununua baada ya vita, mafundi walikuwa wanaijua, ilistahimili viwanja vibovu, na marubani wengi walikuwa wameshasomea humo. Dhidi ya ndege ya kivita isingeweza kudumu. Dhidi ya watu wasio na ndege wala bunduki za kutosha za kuipiga, ilitosha. Afrika Kusini iliendelea kufundishia Harvard mpaka 1995, karibu miaka 60 baada ya ile ya majaribio kuruka.

Na ule mngurumo aliousimulia guka: hakuukuza. Pangaboi la Harvard limefungwa moja kwa moja kwenye injini bila gia ya kulipunguzia mzunguko, na urefu wake ni karibu mita 2.7. Injini ikifikia mizunguko zaidi ya 2,200 kwa dakika wakati wa kupaa, ncha za pangaboi zinakaribia mwendo wa sauti, na hewa inapasuka kwenye ncha hizo. Kelele kubwa inatoka kwenye ncha za pangaboi, siyo kwenye bomba la moshi. Aliyeisikia mara moja hawezi kuichanganya na nyingine.

Ila uwe mwangalifu kabla ya kuandika kwamba kila alichokiona kilikuwa Harvard, kwa sababu miaka hiyo anga ya Nyeri ilikuwa na ndege za aina kadhaa. Kama alisema bawa liko juu ya kichwa cha rubani na sauti ilikuwa ndogo, hiyo ni Piper ya polisi, nayo wakati mwingine iliangusha mabomu. Kama alizungumzia ndege kubwa ya injini nne na mtikisiko uliosikika hadi vijijini, hiyo ni Lincoln, iliyoruka kutoka Eastleigh, Nairobi, kuanzia Novemba 1953 ikiwa na mabomu ya ratili 500 na hata 1,000. Lakini injini moja, bawa la chini, mabomu madogo, mngurumo wa kuziba masikio, tena mwaka 1953 na karibu na Mweiga: hapo guka alikuwa anaitazama Harvard, na pengine aliitazama ikipaa, maana ndipo ilipokuwa na kelele kuliko wakati mwingine wowote.